Uzi: CD11b imepanda mara sita kwenye seli za HL-60. Je, seli zimekomaa kweli?

Mwanafunzi wa Benchi (mleta mada)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu salaam. Ninasoma shahada ya uzamili katika baiolojia ya molekuli, na kwa miezi mitano sasa nimekuwa nikijaribu dondoo la gome la mti mmoja wa dawa za asili kwenye seli za HL-60, ambazo ni seli za saratani ya damu zinazooteshwa maabara. Niliziacha seli hizo pamoja na dondoo kwa saa 96, nikatoa RNA, yaani nakala ambazo seli huzitengeneza kutoka kwenye jeni zake, nikaigeuza kuwa DNA ya kupimia (cDNA), kisha nikapima kwa PCR ya wakati halisi jeni ya ITGAM, ambayo ndiyo inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini ya CD11b, alama ya chembe nyeupe za damu zilizopevuka. Jeni hiyo imepanda mara sita ikilinganishwa na seli ambazo hazikupewa kitu, na jeni rejea niliyotumia, yaani jeni inayodhaniwa haibadiliki ambayo nyingine hulinganishwa nayo, ni GAPDH. Msimamizi wangu anaona kwamba hilo linatosha kuandika kuwa dondoo linakomaza seli za lukemia. Mimi moyo unasita, lakini nikiulizwa sababu ya kusita sina jibu. Naomba mniongoze.

Mkongwe wa Maabara

Marahaba, kijana. Kusita kwako kuna msingi, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu kosa unalolikaribia nimelikuta katika tasnifu nyingi nilizopewa kusahihisha, na mimi mwenyewe nililifanya nilipokuwa na umri kama wako.

Tuanze na seli zenyewe. HL-60 zilitokana na damu ya mwanamke wa miaka 36 huko Marekani, na zilitangazwa mwaka 1977 na Steven Collins pamoja na wenzake waliokuwa katika maabara ya Robert Gallo. Kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba mgonjwa yule alikuwa na lukemia ya promielosaiti, aina inayoitwa M3. Mwaka 1988 kesi yake ilipopitiwa upya ilibainika kwamba ilikuwa M2, aina nyingine ya lukemia ya mieloidi, na kwa kweli seli hizo hazina ule mbadilishano wa vipande kati ya kromosomu ya 15 na ya 17 ambao ndio kitambulisho cha M3. Nalitaja hili mapema kwa sababu hadi leo nakutana na maandiko yanayozitumia HL-60 kana kwamba ndizo M3 yenyewe. Anayeutaka mbadilishano huo atumie seli za NB4, ambazo Michel Lanotte na wenzake walizitangaza mwaka 1991.

Lukemia ya namna hii ni ugonjwa wa kukwama njiani. Ndani ya uboho wa mtu mwenye afya seli changa hugawanyika, hupita hatua moja baada ya nyingine, kisha huacha kugawanyika na kuwa neutrofili au monosaiti, ambazo ni aina za chembe nyeupe za damu, zenye kazi yake maalumu na maisha mafupi. Seli ya lukemia hubaki katika uchanga huku ikiendelea kuzaana. Kwa hiyo tunaposema seli imekomaa tunadai mambo matatu kwa pamoja: imepata sura na zana za seli pevu, inaweza kuzitumia zana hizo, na imeacha kuzaana. Jeni moja iliyopanda inagusa kipande tu cha dai la kwanza.

HL-60 zilijipatia jina kwa sababu zinaweza kupelekwa njia mbili. Kiyeyusho kiitwacho DMSO, kwa asilimia 1.25 hivi, au ATRA, yaani ile asidi inayotokana na vitamini A, kwa kiasi cha mikromola 1, huzipeleka upande wa granulosaiti, kundi la neutrofili, ndani ya siku nne au tano. Kemikali ya PMA huzipeleka upande wa makrofeji, ambazo ni monosaiti zilizopevuka, na vitamini D3 iliyoamilishwa huzipeleka upande wa monosaiti. CD11b hupanda katika njia zote hizo. Maana yake ni kwamba namba yako, hata ikiwa sahihi kabisa, haisemi seli zimeelekea wapi. Ungepima CD14 ungejua zaidi, kwa kuwa ikipanda sana seli zinaelekea kwenye umonosaiti, na ungepima CEBPE ungejua zaidi tena, kwa kuwa hiyo ni jeni ya upande wa granulosaiti.

Kabla sijaendelea, nijibu swali moja. Dondoo lako uliliyeyusha kwenye nini, na seli zako za kulinganisha ulizipa nini?

Mwanafunzi wa Benchi

Daktari, nililiyeyusha kwenye DMSO. Kwa kuwa dondoo haliyeyuki vizuri, katika dozi ya juu, ambayo ndiyo iliyonipa hizo mara sita, DMSO ilifika asilimia 1 ya kioevu chote. Seli za kulinganisha zilibaki kwenye kioevu cha lishe peke yake.

Mkongwe wa Maabara

Hapo ndipo penye jipu.

Rudi kwenye aya yangu ya nne. DMSO ni kiyeyusho katika maabara nyingi, lakini mbele ya HL-60 ni dawa. Charlotte Friend na wenzake walionyesha mwaka 1971 kwamba kemikali hiyo huzifanya seli za lukemia za panya zianze kutengeneza himoglobini, na mwaka 1978 Collins na wenzake wakaonyesha kwamba HL-60 nazo hugeuka granulosaiti zikiwekwa ndani yake. Asilimia 1 iko jirani mno na kiasi kinachotumiwa kwa makusudi. Huenda basi umepima DMSO kwa siku nne ukiamini kwamba unapima gome la mti. Sisemi kwamba dondoo halina kitu, ninasema kwamba jaribio ulilolifanya haliwezi kulitenganisha na kiyeyusho chake.

Tengeneza dondoo zito zaidi ili DMSO isizidi asilimia 0.1 mwishoni, na kila sahani ya dondoo iwe na mwenzake mwenye DMSO ya kiasi hichohicho bila dondoo. Weka pia sahani ya ATRA kama shahidi. Sahani hiyo isipokomaa, usihangaike kuzisoma nyingine, kwa sababu seli zako zimechoka au si zile unazozidhani. Zipo koo za HL-60 zisizoitikia ATRA kwa kuwa kipokezi chao cha ATRA, kiitwacho RAR-alfa, kimeharibika, na zikirudishiwa kipokezi kizima huanza kuitikia tena. ATRA yenyewe uilinde na mwanga, maana ikikaa mezani chini ya taa inaharibika.

Nami nitoe la kwangu, usijione peke yako. Zamani nilikuwa nikitumia PMA kuzigeuza HL-60 kuwa makrofeji. Seli hizi kwa kawaida huelea, kwa hiyo nilifanya kama nilivyozoea: nilivuta kioevu kwa pipeti, nikakizungusha kwenye sentrifuji, nikatoa RNA kutoka kwenye tonge la seli lililokaa chini ya mrija. Mara tatu mfululizo alama za makrofeji zilipanda kidogo tu, nami nikailaumu PMA, nikaagiza nyingine, tukapoteza wiki sita tukiisubiri. Siku moja mhudumu wetu wa maabara alikuwa akiosha chupa nilizomkabidhi, akaniita, akaniuliza huu utando usiotoka chini ya chupa ni uchafu gani. Niliiweka chupa chini ya hadubini. Seli zilizokomaa zilikuwa zimeganda kwenye plastiki, zimejinyoosha na kutoa miguu kila upande kama makrofeji halisi. Mimi kwa wiki zote hizo nilikuwa nikivuna zile zilizokataa kukomaa na kuzitupa zilizokubali.

Fundi wa Flosaitometri

Habari zenu ndugu. Niko Nairobi na kazi yangu ya kila siku ni mashine ya flosaitometri, kwa hiyo naomba kuongeza jambo ambalo PCR haiwezi kumwambia mleta mada.

PCR inapima supu. Ukizisaga seli milioni moja pamoja, namba unayoipata ni wastani. Mara sita inaweza kuwa seli zote zimepandisha jeni kwa mara sita, na inaweza pia kuwa seli moja kati ya kumi imeipandisha kwa zaidi ya mara hamsini huku tisa zilizobaki zikiwa vilevile. Hizo ni hadithi mbili tofauti kabisa. Katika ya kwanza seli zote zimesogea kidogo, na katika ya pili kikundi kidogo kimekomaa na kilichobaki kitaendelea kuzaana na kuijaza chupa. Flosaitometri inaipima seli mojamoja, na inapima protini iliyo juu ya utando wa seli badala ya nakala za RNA, ambazo zinaweza kupanda bila protini kuongezeka.

Ninachomshauri ni kupima CD38, alama nyingine ya ukomaaji, pamoja na CD11b. Chini ya ATRA, CD38 hujitokeza ndani ya siku ya kwanza na CD11b hufuata baadaye, kwa hiyo ukipima kila siku unaiona safari nzima ya seli kuliko kusubiri saa 96 na kupiga picha moja. Usisahau rangi ya kutambua seli zilizokufa, kwa sababu seli mfu hunata kingamwili za kila aina na zinang'aa kana kwamba zina CD11b. Madondoo ya mimea ni hatari zaidi katika hili, kwani mengi yanang'aa yenyewe chini ya leza. Pitisha seli zilizopewa dondoo bila kingamwili yoyote uone zinang'aa kiasi gani, ndipo uamini ulichokiona.

Kama idara yako haina mashine hii, kipo kipimo cha NBT ambacho hakihitaji zaidi ya hadubini. Seli huchanganywa na rangi ya manjano na kusisimuliwa kwa PMA kwa muda mfupi. Granulosaiti iliyokomaa hutoa oksijeni kali ya kuulia vijidudu, nayo huigeuza rangi ile kuwa chembe za buluu nzito ndani ya seli. Unahesabu seli 200 na kuandika ngapi zina chembe hizo. Napenda kipimo hiki kwa sababu kinaipima kazi yenyewe.

Mkongwe wa Maabara

Ahsante ndugu Fundi, na kuhusu NBT niongeze onyo moja kwa mtu wa madondoo. Gome la mti lina vioksidishaji pinzani vingi, na baadhi ya vitu vya namna hiyo huigeuza rangi ile kuwa buluu hata pasipo seli. Osha seli zako mara mbili kabla ya kuweka NBT, na weka kisima kimoja cha sahani chenye dondoo na rangi bila seli. Kikigeuka buluu, umeshajua.

Sasa GAPDH. Watu huichagua kwa sababu praima zake, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, zimo kwenye kila jokofu, lakini GAPDH ni kimeng'enya cha kuvunja sukari, na seli inayoacha kuzaana hupunguza pilika zake, zikiwamo zile za sukari. Aktini nayo si salama, hasa ukitumia PMA, kwa kuwa seli inayojinyoosha na kushika plastiki inabadilisha kiunzi chake chote. Tazama kwa namba za mfano nilizozitunga ili hesabu iwe nyepesi. Kumbuka kwamba jeni inayotokea mzunguko wa mapema ndiyo yenye nakala nyingi, na mzunguko mmoja wa PCR ni sawa na mara mbili, endapo praima zinafanya kazi kwa ufanisi kamili.

Seli za kulinganisha: CD11b imetokea mzunguko wa 28, GAPDH wa 16, na ABL1, jeni rejea nyingine, wa 24. Seli zilizopewa dawa: CD11b wa 25, GAPDH wa 17, ABL1 wa 24 uleule. Ukitumia GAPDH, tofauti inatoka 12 hadi 8, yaani mizunguko minne, nawe unaandika kwamba CD11b imepanda mara 16. Ukitumia ABL1, tofauti inatoka 4 hadi 1, yaani mizunguko mitatu, nawe unaandika mara 8. Mzunguko mmoja wa GAPDH umekuongezea maradufu ambayo haikuwapo.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa jeni inayoshuka, kwa mfano MYC iliyotoka mzunguko wa 21 hadi wa 23. Kwa ABL1 imeshuka hadi robo, lakini kwa GAPDH imeshuka hadi nusu tu. Umeona ubaya wake? Jeni rejea inayoshuka pamoja na ukomaaji inakuza kila kinachopanda na kuficha kila kinachoshuka, kwa hiyo inaegemea upande uleule ambao mtafiti anautamani. Ndiyo sababu tangu mwaka 2002, Jo Vandesompele na wenzake walipotoa njia ya kuzipima jeni rejea kadhaa na kuchagua zilizotulia, mtu hana udhuru wa kutumia moja peke yake. Kwa seli za lukemia, ABL1 ni mahali pazuri pa kuanzia, na hospitali za Ulaya huitumia kufuatilia mabaki ya ugonjwa. Isipokuwa usiichukue kwa K562, seli nyingine za lukemia, ambazo zimerudufu kipande cha kromosomu chenye ABL1 iliyoungana na jeni ya BCR.

Mwanafunzi wa Benchi

Daktari, umenifungua macho. Umetaja jeni inayoshuka, nami sikuwa nimewaza kupima yoyote ya namna hiyo. Kwa nini MYC, na je, kuna nyingine?

Mkongwe wa Maabara

MYC ndiyo injini ya kuzaana kwa seli hizi. Katika HL-60 jeni hiyo imerudufiwa mara nyingi, na seli haiwezi kukomaa huku injini ikinguruma. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kuijua, kwa sababu ndiyo jeni iliyohamishwa kutoka mahali pake kwenye kromosomu ya 8 katika limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda.

Katika HL-60 zinazopewa ATRA au DMSO, nakala za MYC huanza kushuka ndani ya saa chache, muda mrefu kabla ya sura ya seli kubadilika. Namna inavyoshuka ni jambo ambalo kila nikilifundisha nafurahi upya. David Bentley na Mark Groudine walionyesha mwaka 1986 kwamba seli inayokomaa huendelea kuanza kuisoma jeni hiyo, lakini usomaji hukwama karibu na mwisho wa eksoni ya 1, yaani kipande cha kwanza cha jeni, kama mtu anayefungua kitabu kila asubuhi na kukifunga baada ya ukurasa wa kwanza. Kwa sababu hiyo mimi hutumia praima zinazovuka mpaka wa eksoni ya 2 na ya 3, ili nipime nakala zilizosomwa hadi mbali. Nakala za MYC huoza upesi, kwa hiyo mrija wa seli ulioachwa mezani wakati unakunywa chai unaweza kukupa matokeo ya chai.

Nyingine inayoshuka ni TERT, ya kimeng'enya kinachorefusha ncha za kromosomu, na MPO, ambayo ni ya promielosaiti, hatua ya uchanga. Kwa MPO uangalie RNA, kwa sababu protini yake imeshajazwa kwenye chembechembe za seli na hubaki humo muda mrefu baada ya jeni kuzimwa.

Halafu kuna alama ambazo mimi huziita alama za dawa. Ukiweka vitamini D3, jeni ya CYP24A1 inaweza kuruka juu kwa namna ya kutisha, na mtu asiyejua atashangilia. Jeni hiyo inatengeneza kimeng'enya cha kuivunja vitamini D yenyewe, na huamka hata katika seli za figo. Inakuambia kwamba dawa imeingia na kipokezi kipo, basi. CYP26A1 ina uhusiano wa namna hiyohiyo na ATRA. CEBPE iko katikati, na hapa tuwe waangalifu: kipokezi cha ATRA huiwasha moja kwa moja, na wakati huohuo ni jeni ambayo granulosaiti haiwezi kukomaa bila hiyo. Ukiiona imepanda katika seli za ATRA usiseme mengi; ukiiona imepanda kwa kitu kisicho na uhusiano na vitamini A, hapo inazungumza zaidi.

Na jambo la mwisho kwa leo, ambalo huwashangaza wengi. Hata HL-60 zilizokomaa vizuri, zenye kiini kilichopinda na NBT ya buluu, haziwashi jeni ya laktoferini, ambayo kila neutrofili ya kawaida huiwasha katikati ya safari yake. Seli hizi hufika mwisho wa njia zikiwa zimeruka kituo. Usiandike kwamba umepata neutrofili, andika kwamba umepata seli zinazofanana na neutrofili.

Mdau wa Sikoseli

Naomba kuingilia kidogo, wakubwa. Mimi natumia seli za K562 kutafuta kitu kinachoongeza himoglobini ya kichanga kwa ajili ya wagonjwa wa sikoseli, ambao hapa Tanzania ni wengi. Nikiweka kemikali ya hemini, globini ya gama, ambayo ni sehemu ya himoglobini hiyo, inapanda na seli zinageuka buluu kwa benzidini, rangi ya kutambua himoglobini. Je, nazo nisiseme zimekomaa?

Mkongwe wa Maabara

Ndugu yangu, wewe ndiye mfano bora wa uzi huu. K562, zilizotokana na mgonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi na kutangazwa na akina Lozzio mwaka 1975, zikipewa hemini hutengeneza himoglobini kwa wingi, lakini nyingi huendelea kugawanyika, na ukiiondoa hemini himoglobini hupungua. Zimevaa sare bila kuajiriwa. Kwa lengo lako la kuiamsha globini ya gama hilo si tatizo, mradi uandike kwamba umeamsha globini na usiandike kwamba umekomaza lukemia. Kumbuka pia kwamba K562 haziwashi globini ya beta ya mtu mzima, kwa hiyo haziwezi kukuonyesha ule ubadilishanaji wa kutoka gama kwenda beta unaoutafuta kwa wagonjwa.

Kutokana na mfano huu, mleta mada achukue kipimo cha bei rahisi kuliko vyote, ambacho ni kuosha. Ondoa dawa siku ya nne, osha seli, ziweke kwenye kioevu kipya, uzihesabu kila siku kwa siku tano nyingine na upime CD11b tena. Zilizokomaa haziongezeki.

Muuguzi wa Wodi

Hamjambo madaktari. Nimesoma kimya tangu mwanzo. Wodini kwetu tumewahi kumpa mgonjwa wa M3 vidonge vya ATRA, tukaambiwa ni jamii ya vitamini A. Je, hicho ndicho kitu mnachokizungumza hapa, na kwa nini hakiwasaidii wagonjwa wa aina nyingine?

Mkongwe wa Maabara

Hatujambo, dada yangu, na ndicho hichohicho. Katika M3 ule mbadilishano wa kromosomu 15 na 17 huunganisha jeni ya PML na ile ya kipokezi cha vitamini A, na protini chotara inayozaliwa huzifungia jeni za ukomaaji. ATRA kwa dozi kubwa huifanya protini hiyo iachie na hatimaye ivunjwe, na seli iliyokwama inaendelea na safari. Mwaka 1988 kundi la Shanghai, ambalo Wang Zhenyi alikuwa kiongozi wake, lilitangaza wagonjwa 24 waliopewa ATRA na wote wakapata nafuu kamili, ingawa mmoja aliongezewa dawa nyingine. Baadaye aseniki ikaongezwa, na mwaka 2013 jaribio la Italia na Ujerumani likaonyesha kwamba kwa wagonjwa wasio na hatari kubwa, ATRA na aseniki haziko nyuma ya ATRA na kemotherapi. Lukemia nyingine za mieloidi hazina chotara huyo, zimefungwa kwa kufuli tofauti, na ATRA peke yake haiwi ufunguo wake.

Wewe uliye wodini unajua pia upande mwingine: seli nyingi zikikomaa kwa pamoja mgonjwa anaweza kupata homa, kujaa maji na kushindwa kupumua vizuri, na hapo deksamethasoni haisubiri majibu ya maabara.

Mwanafunzi wa Benchi

Shikamoo tena, Daktari, na samahani kwa kuchelewa, nilitaka nirudi nikiwa na majibu mkononi. Nimerudia kila kitu. Dondoo sasa lina DMSO ya asilimia 0.1, nimetumia ABL1 na jeni rejea nyingine moja, na nimeweka sahani ya ATRA pamoja na sahani ya DMSO ya asilimia 1 bila dondoo lolote.

ATRA imefanya kazi yake: CD11b imepanda, MYC imeshuka, na katika NBT seli nyingi zimekuwa buluu. Sahani ya DMSO ya asilimia 1 peke yake imeipandisha CD11b karibu kiasi kilekile nilichokuwa nimekihesabia dondoo. Dondoo lenyewe limeipandisha kwa chini ya mara mbili, MYC haijatikisika, na baada ya kuosha seli ziliendelea kuongezeka kama zisizopewa kitu. Kile kisima cha dondoo na NBT bila seli kiligeuka buluu mbele ya macho yangu kabla sijakifikisha kwenye inkubeta.

Nimempelekea msimamizi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimebakiwa na seli za kutosha kurudia mara ya tatu. Tunarudia Jumatatu. Katika rasimu mpya, sehemu inayohusu kiyeyusho imekuwa ndefu kuliko inayohusu mti.